Ale Kwanza Ndipo Aambiwe

Tadei alishuka stendi ya Sumbawanga miguu imevimba, viatu vimembana, na ngurumo ya basi bado imo kichwani. Alitoka Kairo kwa ndege mpaka Dar es Salaam, Dar es Salaam mpaka Mbeya kwa basi lenye viti vigumu, na Mbeya mpaka hapa kwa basi lenye viti vigumu zaidi. Upepo wa mwezi wa saba ukampiga kifuani. Miaka miwili ya joto la Misri ilikuwa imemharibu. Mfipa mzima alisimama katikati ya stendi ya kwao anatetemeka, na vijana wa bodaboda wakamdhania mgeni.

"Mambo, mshikaji. Unakwenda wapi? Mazwi, Katandala? Nakupeleka poa tu."

"Mimi wa hapahapa," Tadei akasema, na hata mwenyewe aliisikia sauti yake ilivyochoka.

Sharon, mdogo wake, alitokea kati ya mafurushi ya watu akiwa amevaa sweta zito na kitenge kipya. Sharon ana duka dogo la nguo Katandala na kwa kawaida ni mtu wa maneno mengi. Leo alimkumbatia kaka yake, akamwachia upesi, akaangalia begi badala ya kumwangalia usoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na baba?"

Sharon aliinama, akashika mkanda wa begi, akauvuta kana kwamba umenasa mahali. "Baba yupo," akasema akiwa ameinama. "Anakusubiri."

Baba yao, mzee Wilibrodi, alikuwa amekufa. Alikufa mwaka jana, mwezi wa tatu, na Tadei alilijua jambo hilo karibu tangu siku zile. Alijua mzee alianguka shambani akifukia majani kwenye matuta. Alijua amezikwa juu kidogo ya nyumba, upande wa mibuni michache aliyoipanda mwenyewe. Alijua hata kwamba Sharon alizimia kaburini wakamwagia maji. Ambalo halikujulikana na mtu yeyote hapa ni kwamba Tadei anajua.

Kwetu mtu aliye mbali haambiwi msiba. Akiwa mbali na peke yake atalia na nani, nani atamshika, nani atampikia uji? Basi anaambiwa wote wazima, mpaka arudi. Akirudi hapokelewi kwa habari mbaya akiwa na njaa ya safari. Ale kwanza, apumzike, wazee wakae, ndipo aambiwe. Tunasema huko ni kumpenda mtu. Inawezekana ni kweli, ila ni upendo unaochosha sana, na anayechoka zaidi ni yule anayependwa.

Tadei alikuwa mwalimu wa Kiswahili sekondari pale nafasi ya masomo ilipotangazwa: miaka miwili Kairo kujifunza Kiarabu, kwa walimu wa lugha. Aliomba bila kutumaini, akapata. Nyumbani, pembeni mwa misheni ya Kaengesa, watu hawakuelewa kabisa. Mkatoliki, mtoto wa Wakatoliki, anakwenda kusomea Kiarabu, ili iweje? Shangazi Asnath, dada yake mzee Wilibrodi, alisema wazi mbele za watu kwamba Kiarabu ni lugha ya vitabu vya waganga na hajaona mtu mwenye akili timamu akivuka nchi zote hizo kukifuata. Aliyemtetea ni baba peke yake. Mzee alikuwa ametumikia misa za Kilatini alipokuwa mtoto, na hilo halikuwahi kumtoka.

"Nilimjibu padri utoto wangu wote, sijui najibu nini," alisema. "Mwacheni mmoja katika ukoo huu akaelewe anachosema."

Kairo ikamchosha tangu wiki ya kwanza. Shule yao ilikuwa nyumba kuukuu ndani ya mji mkongwe, karibu na lango la mawe lenye minara miwili juu yake, na ili kuifikia ulipita kichochoro cha mafundi wanaoshona vitambaa vya mahema, kisha cha wanaogonga shaba, kisha ngazi zilizolika katikati kwa kukanyagwa. Ustadhi alikuwa mzee mwembamba aliyefundisha amefumba macho. Neno moja la Kiarabu, ili ulipate kwenye kamusi, ulivue kwanza viambishi vyake vyote vya mbele na nyuma, na ukikosea kuvua unapotea kurasa nzima. Tadei alivua maneno mpaka usiku yakamfuata usingizini. Na baada ya taabu yote hiyo akienda kununua maharage ya asubuhi kwenye mkokoteni, muuzaji alicheka mpaka akashika mbavu, kwa sababu yule Mwafrika alikuwa anaomba maharage kwa lugha ya taarifa ya habari. Kiarabu cha shule kilikuwa kimoja, cha mtaani kingine, na Tadei alikuwa mgeni katika vyote viwili.

Alipanga chumba juu ya dari la nyumba ya mjane mmoja aliyeitwa Umm Samiha, jirani na vibanda vya njiwa. Kila Jumapili alipanda kwenye ukingo wa dari, mahali ambapo mtandao ulishika, akampigia mama yake. Nyumbani ilikuwa wakati watu wametoka misa. Mama alikaa benchi la nje ya kanisa na simu ya Sharon, wakazungumza. Baba naye alisalimia, akauliza kama amekwisha kuelewa anachosema.

Halafu Jumapili moja baba hakuwepo kwenye simu. Amekwenda mnadani, mama akasema. Jumapili iliyofuata alikuwa shambani. Iliyofuata ana mafua, amelala. Tadei alishangaa kidogo, akapuuza. Mitihani ilikuwa karibu.

Aliyempasulia ni Mrisho. Huyu alikuwa kijana wa Kirando, ziwani, aliyekuwa Kairo kusomea dini, na kwa kuwa watu wa Rukwa hawakuwa wengi mjini mle wao wawili walishikana kama ndugu. Mjomba wake Mrisho aliuza dagaa sokoni Sumbawanga na alijua habari za kila mtu. Mrisho alipanda ngazi za Umm Samiha jioni moja amebeba machungwa, akakaa, akasema kwa upole, "Pole na msiba wa mzee." Alidhani mwenzake anajua. Alipouona uso wa Tadei aliweka machungwa chini, akataka ardhi immeze.

Umm Samiha aliposikia hakuuliza dini ya mtu. Alipanga viti vya plastiki vya bluu juu ya dari, akachemsha kahawa chungu isiyotiwa hata chembe ya sukari, kwa maana kahawa ya msiba kwao hainywewi tamu, na akawaita majirani. Wakaja. Fundi wa shaba, muuzaji wa maharage, ustadhi mwenyewe, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kila aliyeingia alimwambia Tadei kwamba abakiye ni Mungu, na Umm Samiha alimfundisha jibu lake, naye akalijibu mpaka likawa linatoka lenyewe. Hapo juu, kati ya njiwa na watu ambao hawakuwahi kumwona mzee Wilibrodi, Tadei alimlilia baba yake akammaliza. Alilia kwa sauti, akagaragara, akashikwa. Siku ya nne alikunja viti akarudi darasani.

Jumapili akapiga simu kama kawaida. Alikuwa amekusudia kumwambia mama yake kwamba anajua. Lakini mama alipokea akasema kwa sauti nyoofu, iliyotulia, "Baba yako amekwenda kuangalia ng'ombe, anakusalimu," na Tadei akaona jinsi mwanamke yule alivyojikaza. Akashindwa kumbomolea. "Nami namsalimu," akasema. Wakaendelea hivyo Jumapili baada ya Jumapili, mwaka na zaidi, mmoja anadanganya na mwingine anajifanya anadanganyika. Kiarabu chote pamoja na kamusi yake hakikumchosha Tadei nusu ya zile simu.

Ndiyo maana ndani ya basi, tangu Mbeya, alikuwa na wazo moja tu. Ataambiwa, na ataambiwa kama mtu asiyejua. Atalia. Mama asigundue kamwe kwamba uongo wake wote ule ulikuwa wa bure. Tena kulikuwa na jambo la shangazi Asnath. Mrisho alikuwa amemdokeza, kwa aibu, kwamba sokoni kuna maneno: kaka yake alikuwa mzima wa afya, mtoto kaenda nchi ya Farao kusomea lugha ya vitabu vile, mzee kaanguka ghafla. Shangazi hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba mtoto akirudi watayaona machozi yake. Huku kwetu neno kama hilo la uchawi likimkalia mtu halimtoki, na lingemkalia mama pia, kwa kuwa ndiye atakayebaki nalo kijijini Tadei akirudi kufundisha mjini. Kwa hiyo machozi yalitakiwa, na yalitakiwa mbele za watu.

Baba mdogo Christopha aliishi Katandala, na kwake ndiko Tadei alikopelekwa kwanza akaoge na kula. Aliwekewa ugali wa ulezi, maharage, na samaki wa Ziwa Rukwa aliyeungwa vizuri. Baba mdogo alikaa mkabala naye akahesabu matonge kwa macho. Kila mtu mle ndani alikuwa anasubiri ashibe. Tadei alikula polepole. Aliomba chumvi, akaomba maji, akaomba kuongezewa maharage ambayo hakuyataka, na mke wa baba mdogo akamwongezea, maskini, kwa kudhani kijana ana hamu ya chakula cha kwao na hajui kinachomngoja.

"Kula, baba," alimwambia. "Kula ushibe."

Hakuna chakula kigumu kumeza kama kile. Ilimjia Tadei kusema tu, jamani, najua, acheni tulale. Akamtazama baba mdogo aliyevaa koti lake la harusi na la mazishi, akamwona na yeye amechoka, akala tonge jingine.

Alasiri wakapanda Noah ya kukodi kwenda kijijini. Njia nzima Sharon alizungumzia bei ya vitenge. Nje uwanda wote ulikuwa mkavu na wa rangi ya nyasi, mahindi yamevunwa, na kwenye mashamba mengine matuta ya mwaka huu yalionekana, ya duara, makubwa, majani yamezikwa ndani yaoze yalishe ulezi wa msimu ujao. Tadei aliyaangalia kwa makusudi. Alitaka yamchome. Alijichorea baba kichwani, jembe mkononi, anainama, haamki. Akangoja. Hakuna kilichokuja, ila mwayo.

Nyumbani palikuwa pamefagiliwa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi uani, wamenyamaza, na wanawake walikuwa ndani na jikoni, nao wamenyamaza, na ukimya wa watu wengi namna ile ungemwambia hata mtoto mchanga. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kitenge kimefunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Tadei akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamshika viganja vyote viwili, akavigeuza, akavitazama. "Umekonda."

Ilikuwa ile sauti ya Jumapili, nyoofu na iliyotulia. Tadei alidhani ingekuwa tofauti wakiwa uso kwa uso.

Wakamkalisha kwenye kiti katikati. Wanaume wawili wenye nguvu wakakaa kila upande wake, karibu kabisa, wamdake akianguka. Shangazi Asnath alitoka jikoni akasimama mlangoni, mikono amefunga kifuani, macho hayatoki kwenye uso wa mtoto wa kaka yake. Baba mdogo akakohoa.

"Tadei, umekula?"

"Nimekula, baba mdogo."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Basi kaa vizuri, unisikilize. Baba yako hatunaye. Alitutoka mwaka jana, mwezi wa tatu, shambani kwake. Hakuugua, hakuteseka. Hatukukwambia kwa kuwa ulikuwa ugenini huna wa kukushika. Tulikutunzia. Sasa umefika, twakukabidhi msiba wako."

Tadei alikuwa ameyapanga yote. Angeshika kichwa, angeinama, angeita "baba" kwa nguvu, na mengine yangefuata. Lakini mdomo wake ulikuwa umezoezwa mahali pengine. Mara tu alipoambiwa msiba, mdomo ulijibu wenyewe, kwa adabu na bila haraka, kama ulivyomjibu fundi wa shaba na muuzaji wa maharage.

"Wa ni'ma billah," akasema.

Hakuna aliyetikisika. Wanawake walikuwa wamekwisha kuvuta pumzi za kumpokea kwa kilio, na sasa hawakujua wazifanyie nini. Mmoja alianza, akaona yuko peke yake, akakatisha. Wale wanaume wawili walitazamana juu ya kichwa chake. Tadei akatambua alichofanya, na akajaribu, Mungu anajua alijaribu, akakaza uso, akafinya macho. Makavu. Aliwahi kusikia kwamba machozi hayaishi. Yake yaliishia kwenye viti vya bluu.

"Amesema nini?" shangazi Asnath akauliza kutoka mlangoni.

"Ni Kiarabu, shangazi," Sharon akasema.

"Nimesikia kuwa ni Kiarabu. Nauliza amesema nini juu ya kaka yangu."

"Ni kumshukuru Mungu," Tadei akajibu. "Wanavyosema huko mtu akifiwa."

"Anashukuru," shangazi akasema taratibu, akiwatazama watu mmoja mmoja ili wote wawe mashahidi. "Anaambiwa baba yake amekufa, anashukuru, kwa lugha yake aliyokwenda kuichukua, na jicho kavu. Haya."

"Asnath, kaa," baba mdogo akamwambia.

"Nimekaa."

Hakukaa. Alirudi jikoni, na kutoka huko ikaanza kusikika ile sauti ya chini ya wanawake wanaoulizana jambo. Baba mdogo, kwa aibu, akaamuru waende kaburini. Wakaenda. Tadei alisimama mbele ya saruji yenye msalaba na jina la baba yake, upepo ukimkata masikio, huku watu wakiuangalia uso wake na si kaburi. Akasali. Akaokota donge la udongo akaliweka juu, kama desturi. Watu wakangoja kidogo, wakachoka kungoja, wakaanza kuteremka wawiliwawili wakinong'ona. Alijisikia mwizi. Zaidi ya yote alitaka kulala.

Jua lilipokuwa linashuka mama alimwita chumbani kwake na kumwambia arudishie mlango. Alikaa kitandani, upande aliokuwa analala yeye, ule mwingine akauacha. Tadei akakaa chini kwenye mkeka.

"Yale maneno uliyajibu upesi," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Yalikuwa yako mdomoni tayari. Mtu akipata habari kwa mara ya kwanza hajibu upesi hivyo. Kwanza huuliza. Husema, nini? Husema, nani? Tadei, kule hakuna aliyekwambia?"

Hapo ilikuwa rahisi. Mlango umefungwa, wako wawili, na yeye amechoka kiasi cha kusema lolote lililo kweli. Angesema ndiyo, nilikuwa najua, tusameheane, tupumzike. Alifungua mdomo, lakini mama alikuwa hajamaliza.

"Nakuuliza kwa sababu mimi sijalia," akasema. "Siku wanamzika niliwaambia, nikilia sauti itanikauka, na Jumapili mtoto atapiga, ataisikia. Ukapiga. Nikakwambia baba yako amekwenda mnadani. Nikasema basi nitalia Jumatatu. Jumatatu nikaona nikianza sitanyamaza kabla ya Jumapili. Nikaacha. Jumapili nyingine vilevile. Watu wakasema, mjane gani huyu halii, Asnath akasema yake. Nikawaacha waseme. Nikajiambia, siku mtoto akirudi, akishaambiwa, siku hiyo na mimi nitamlilia mume wangu." Akakishika kitenge chake kichwani, akakishusha mabegani. "Leo umeambiwa. Nimekaa pale mkekani nangoja. Halafu ukajibu namna ile, nikajiuliza, au alijua siku zote? Kama alijua, mimi nilikuwa namfichia nani?"

Tadei alimtazama. Mwaka wote ule alijiona anambebea mama yake mzigo. Alikuwa na kiburi nao, kiburi cha siri, cha mtoto mwema. Na kumbe kila Jumapili alipojibu "nami namsalimu" alikuwa anamfunga mdomo wiki nyingine. Neno moja tu pale ukingoni mwa dari, mama, najua, na wangelia wote wawili palepale, yeye kwa Umm Samiha na mama kwenye benchi la kanisa, na mwanamke huyu angekuwa amepata msiba wake kwa wakati wake. Sasa neno lilelile lilikuwa limegeuka. Likitamkwa leo litamnyang'anya hata kile alichokilinda.

"Hakuna aliyeniambia, mama," akasema.

"Hata yule kijana wa Kirando uliyekuwa unanitajia?"

"Hata yeye. Yale maneno tulifundishwa darasani, tukayakariri. Nilichanganyikiwa, yakanitoka."

"Umejua leo?"

"Leo, kwa baba mdogo."

Mama alimwangalia kwa muda mrefu. Kama aliamini, au aliamua kuamini, Tadei hakuweza kusema, na hakutaka kujua. Kisha akaitikia kwa kichwa mara mbili, kama mtu aliyekabidhiwa risiti sahihi, akasema "Haya," na uso wake ukavunjika. Kilio kilianza kidogo, kooni, sauti ya mtu asiyekumbuka linavyofanywa jambo hilo. Halafu kikatoka chote. Alimwita mume wake kwa jina, Wilibrodi, jina ambalo Tadei hakuwahi kumsikia akilitamka mbele ya watoto. Akamwuliza kwa Kifipa amemwachia nani matuta, amemwachia nani usiku wa baridi. Akateremka kitandani kwa magoti, na Tadei akamdaka kabla hajagonga sakafu. Ndipo na yeye machozi yakamtoka. Hayakuwa ya baba. Ya baba yaliisha Kairo. Alimlilia huyu aliyemshika mikononi, na zile Jumapili zake zote, na hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo mpaka kufa kwake.

Mlango ukasukumwa. Sharon akaingia mbio, na nyuma yake wanawake, na mbele ya wanawake shangazi Asnath. Aliwakuta mama na mtoto sakafuni wameshikana, nyuso zote mbili zimelowa. Alisimama kidogo akamchungulia Tadei ili ahakikishe. Kisha yeye pia akakaa chini, akapitisha mkono wake mzito mabegani mwa mtoto wa kaka yake, akamvutia kifuani, na sauti yake ilikuwa imelainika kabisa.

"Ndivyo," alimwambia. "Lia, mwanangu. Lia tu, ndiyo kwanza umejua."